Tungu Hakufa Mbwera

Safari hii ilianza na ubishi. Nilikuwa Makambako, kazi yangu kuchomelea bodi za malori, na mchana mmoja utingo aitwaye Shomari, mzaliwa wa Mbwera huko delta ya Rufiji, alinikuta kivulini na kitabu cha tatu cha habari za Tungu. Wasomaji wa rika langu watakikumbuka. Ni vitabu vitatu vya mzee ambaye picha yake iko jalada la nyuma, na sisi bwenini tulimwita Mzee wa Miwani. Aliandika juu ya Nyoka wa Chumvi, anayetaka mito yote ya dunia iwe na maji ya chumvi, na juu ya Tungu, mvushaji maskini wa mtumbwi, anayepita falme tisa kwenda kumzuia. Kitabu cha mwisho nilikisoma kidato cha pili, kwa zamu ya siku mbili kila mtu, nikalia kwa sababu Tungu anakufa. Tangu hapo nimehama miji mingi. Magodoro nimeyaacha nyuma, kitabu sijakiacha.

"Tungu hafi," Shomari akasema.

"Anakufa. Anazama pamoja na yule nyoka kwenye mlango wa mto."

"Kaka, mimi nimesomewa kitabu hicho kila mwaka tangu nabebwa mgongoni. Tungu anarudi kwao, anakula wali, analala. Nenda kamuulize shangazi yangu, Bi Tatu."

Wiki nzima maneno yale hayakunitoka. Nilijiambia labda kuna chapa ya zamani zaidi, ambamo Mzee wa Miwani alimwacha Tungu hai. Mtu wa miaka arobaini na nne hafungi begi kwa jambo kama hilo. Mimi nilifunga.

Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni siku nzima ndani ya basi. Nililala Mbagala, na alfajiri nikapanda gari la kusini. Nilishuka Bungu, kabla ya Kibiti, nikanywa chai na chapati karibu na wauza machungwa, kisha nikachukua bodaboda hadi Nyamisati. Njia ni ya mchanga, mikorosho huku na huku, na mara mbili tulishuka tukasukuma.

Nyamisati tulisubiri maji yajae. Saa nane boti ya mashine ikaondoka na saruji, kreti za soda, mama mmoja na kuku wake, na mimi. Tulipita katikati ya mikoko, mkondo baada ya mkondo, hadi nisijue tena bahari iko upande gani. Nahodha aliniuliza nafuata nini Mbwera. Nikamwambia kitabu. Akanitazama, akaongeza mwendo.

Mbwera nilifika mpunga ukiwa unaiva. Bi Tatu hakuwa nyumbani. Msimu huo watu wengi huhamia mashambani kuamia ndege wasile mpunga. Nilimkuta juu ya dungu lake, kile kibanda cha miti mirefu kinachosimama katikati ya mpunga, ameshika kamba iliyofungwa makopo. Akiivuta, makopo yanalia shamba zima na ndege wanaruka.

"Shikamoo, Bi Tatu. Nimetumwa na Shomari."

"Marahaba. Hajafungwa?"

"Hajafungwa."

"Basi panda, mwanangu. Ngazi ya tatu usiikanyage, imeoza."

Mchana, ndege wanapopumzika, watu wa madungu ya jirani walikuja kukaa chini ya dungu lake, na yeye akafungua kitabu kilichofungwa kwenye kanga. Wengi wao wanajua kusoma, lakini kitabu kile hukishika yeye peke yake, na kila msimu huanza kitabu cha kwanza mpunga ukichanua ili amalize wakati wa kuvuna. Nyoka wa Chumvi hapo si jambo la kubuni. Maji ya bahari yakipanda sana yanaingia mashambani na mpunga unaungua. Sehemu nyoka anapotajwa, Bakari, mkulima wa shamba la pili, hutema mate pembeni.

Siku ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, watu wakiwa hawajafika, Bi Tatu, ambaye nilishamweleza habari ya kitabu changu, aliniambia niweke begi karibu.

"Hicho kitabu chako kina mwisho?"

"Kinao."

"Karatasi zote?"

"Zote."

Akafungua kanga, akanionyesha chake. Kinakatika katikati ya sentensi: Tungu amesimama kwenye mtumbwi, ameinua kasia. Baada ya hapo kuna mabaki tu ya karatasi kwenye mshono.

"Marehemu mume wangu alivileta kutoka Dar. Mtumbwi ukaingiza maji, karatasi za mwisho zikawa kama uji. Hatukugundua mpaka tumefika hapo, na watu nimeshawaahidi kwamba kesho ndiyo mwisho. Ningefanyaje? Nikafungua kitabu, nikasoma kisichokuwepo."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Na kila mwaka tunamsomea yule mzee Fatiha, huku namsingizia maneno. Sasa nimezeeka. Nataka nijue mwenyewe alisema nini. Nisomee, polepole."

Nikamsomea. Tungu alipozama, Bi Tatu alivuta kamba, makopo yakalia, na hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Kaandika vizuri," akasema. "Ningejua mapema nisingethubutu." Kisha akasema, "Kesho nitawasomea hiki chako."

"Na wakikasirika?"

"Wakiacha kuja, wataacha. Lakini sitaki nife nimewadanganya."

Nilijuta kuja. Kazi ya miaka yote ya mama yule ilikuwa inakwenda kuvunjika kwa sababu ya kitabu kilichotoka begini mwangu.

Kesho yake, siku ya kumaliza kitabu, walikuja wengi kuliko kawaida. Kwanza ikasomwa Fatiha, ya Mzee wa Miwani, mtu ambaye hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Ukaliwa wali wa nazi kwa samaki. Kisha Bi Tatu akafungua kitabu changu, akasoma hadi nukta ya mwisho bila kuinua macho.

Bakari ndiye aliyeanza.

"Bi Tatu, kitabu cha mgeni kimechapwa vibaya."

"Kimechapwa sawasawa."

"Kimechapwa bara. Huko chumvi wanaijua kwenye mboga tu, ndiyo maana wanamwacha mtu azame."

"Na wali nani kala?" akauliza mwanamke mmoja, na wengine wakacheka.

Bi Tatu hakucheka. "Huu ndio mwisho alioandika mwenyewe. Ule mwingine niliutunga mimi. Naomba mnisamehe."

"Tunajua," Bakari akasema.

"Mnajua nini?"

"Siku zote unageuza karatasi. Siku ya mwisho hugeuzi. Unakodolea ukurasa mmoja tangu tumekaa mpaka tunaondoka. Marehemu mama ndiye aliyetuonya tukiwa wadogo: nyamazeni, akiona haya ataacha."

Bi Tatu akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalimtikisika, na ilichukua muda tujue kwamba anacheka.

"Sasa turudishie mtu wetu," Bakari akasema. "Na mgeni asikie, katoka mbali."

Bi Tatu akafunga vitabu vyote viwili na kuviweka mapajani, akaanza kusimulia. Tungu alitupwa na mawimbi kwenye fungu la mchanga maji yalipokupwa, nywele zake nyeupe kama chumvi. Akatembea hadi kwao. Mama yake hakumuuliza kitu; alimpakulia wali. Asubuhi wanawake wakateka maji ya mto, wakayaonja, hayana chumvi, wakaitana, na yeye bado amelala. Nililia mbele za watu, na hakuna aliyenishangaa.

Nilikaa hadi mpunga ulipoingia ndani, nikivuna na kubeba. Jioni Bi Tatu alinisomea mwisho wake neno kwa neno, nami nikauandika kwenye daftari, kurasa nane. Siku ya kuondoka nilichukua wembe nikakata sura ya mwisho ya kitabu changu nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akaiingiza pale penye mshono mtupu.

"Hii nitaisoma mwenyewe," akasema. "Ni maneno yake, lazima yawe na mtu wa kuyatunza."

Bakari alinisindikiza hadi kwenye boti na kifurushi cha mchele. Zamani niliamini kwamba kumpenda mtunzi ni kulinda kila herufi yake. Wale wamempenda miaka yote bila kujua alivyomaliza, na dua wanazomwombea hazijakatika.

Sijarudi Mbwera, na kwa ninavyojijua sidhani nitarudi. Kitabu kiko begini. Kurasa nane za mwisho ni za daftari, kwa mwandiko wangu, na Tungu amelala.