Nyeupe Mbele, Nyekundu Nyuma

Mama yangu alitulea kwa neno moja: umeonekana. Hakuwa na haja ya kuongeza kitu. Ukichelewa kurudi kutoka chuo cha Kurani, umeonekana. Ukicheka njiani mpaka magego yakatoka nje, umeonekana. Nani kakuona na wapi, hayo hayakuwa na maana. Kuonekana kwenyewe ndiko kosa. Sasa nina wajukuu, nimefanya kazi ofisini hapa Ibra, Oman, mpaka nimestaafu, na bado nikilisikia neno hilo vidole vya miguu vinajikunja.

Mtu aliyelelewa hivyo akiipenda baiskeli afanye nini?

Sababu ilikuwa sukari. Daktari alisema nitembee, magoti yakasema hayatembei. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Sur na hurudi kila mwisho wa mwezi, akaniletea baiskeli ya kike nyuma ya gari. Nilidhani ananifanyia mzaha. Kupanda nilikuwa najua tangu utoto, kwa kuiiba ya ndugu yangu alipokuwa amelala mchana. Nikaijaribu uani, magoti yakakubali, na tangu siku ile sikuwa tena na hamu na kitu kingine. Sukari nayo ikaanza kushuka.

Lakini kwetu baiskeli ina wenyewe. Wenyewe ni vibarua wa mashambani, wanaume waliotoka mbali, ambao wote tunawaita rafiq, utadhani mama zao hawakuwapa majina. Mtu wa Ibra mwenye nyumba na gari akipanda baiskeli, watu watasema amefilisika. Mwanamke je, tena bibi wa watu? Kwa hiyo mama sikumwambia, ingawa nyumba yake na yetu ni ukuta mmoja. Nikisha kuswali Magharibi nilitoka kwa mlango wa nyuma na buibui langu jeusi na shela jeusi, bila taa ya aina yoyote, nikashika barabara ya mashambani katikati ya mitende. Jua la huku halimwachi mtu apande mchana, hilo ni kweli, lakini mimi kiza nilikipenda kwa sababu nyingine. Kwenye kiza sionekani.

Na kweli sikuonekana. Ndugu yangu mwenyewe hakuniona.

Alikuwa anatoka Al Qabil, kwenye mitende yetu, anaendesha gari kama kawaida yake, mtu wa kukimbizwa. Taa zake zilinimulika ghafla kwenye kona, nikasikia breki, gari likanipita ubavuni, nami nikaingia kwenye changarawe pamoja na baiskeli yangu. Akasimama mbele, akashusha kioo, akatoa kichwa. Gari nililitambua. Nikavuta shela usoni.

"Ya rafiq!" alinguruma, kwa kile Kiarabu cha kuvunjavunja tunachowasemesha vibarua. "Leyt mafi? Leyt mafi?" Yaani, taa huna?

Sauti yangu angeitambua. Akatukana kidogo, akaenda zake. Nikabaki nimekaa pale, kiwiko kinatoka damu. Niliogopa kwelikweli. Nusura ateremke kumtazama rafiq amkute dada yake. Nikaikokota baiskeli mpaka nyumbani huku nalia, na kilichoniliza zaidi si kiwiko. Bila taa nitakufa, hilo nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Nikitia taa, mama atajua. Na akisema hapana, basi, baiskeli naiaga, maana sijawahi kufanya jambo alilolikataa mama waziwazi na nisingeanza uzeeni.

Kesho yake Ijumaa tukala kwa mama, kama kila Ijumaa. Sinia la wali katikati, mama upande wake, ndugu yangu amekunja mikono ya kanzu. Hajameza hata tonge la tatu akaanza.

"Jana nusura niue mtu. Rafiq mmoja kwenye baskeli, mweusi tititi toka juu mpaka chini, taa hana. Nnamwuliza, hajibu! Kakaa kwenye mawe ananitazama tu. Hawa watu wakamatwe, wallahi. Hawana akili."

Ningenyamaza, yangekwisha. Lakini mimi nina hasira za karibu, na lile neno akili lilinipanda kichwani.

"Huyo rafiq ni mie," nilisema. "Na akili ninazo. We ndo unaendesha gari kama mwendawazimu."

Tonge lilimkwama. Akanitazama, akakitazama kiwiko changu kilichofungwa kitambaa, akanitazama tena.

"Weye, dada? Na umri huo?"

"Na umri huu."

"Ya Rabbi! Watu watasema gari limekufa na pesa ya kutengeneza hamna! Mama, unamsikia? Mwambie!"

Mama alikuwa ananawa. Alinawa kidole kimoja kimoja, akajifuta, akanigeukia. Nililisubiri neno lake lile lile nililolisubiri maisha yangu yote.

"Ulikuwa huna taa?" aliuliza.

"Sina, mama."

"Hata ya nyuma?"

"Hata ya nyuma."

"Kefule! Aibu iliyoje hii!"

Ndugu yangu akakaa vizuri, mtu aliyekwisha kushinda. "Si nnakwambia, mama!"

"Nyamaza, n'na maneno naye." Mama alininyooshea kidole. "Baba yangu mie alikuwa na baskeli Unguja. Kila jioni, kabla hajatoka, anakifuta kioo cha taa kwa kitambaa chake, anaitia dinamo kwenye gurudumu, anaizungusha kwa mkono aone inawaka. Ndo anatoka. Polisi wamesimama pale kwenye kona. Huna taa, unashushwa, mtu mzima na kilemba chako, unaikokota katikati ya mji, na watoto nyuma wanakuimbia: hana taa! hana taa! Baba hajashushwa hata mara moja. Siku moja dinamo ilimfia njiani, akateremka mwenyewe, akatembea mpaka nyumbani, na kona ile siku ile haina polisi. Leo mjukuu wake anakwenda kiza kiza mfano wa mwizi wa kuku! Umetutia aibu, mwanangu."

Nilikuwa sijaelewa bado. "Kwa hivyo niache, mama?"

"Nani kakwambia uache? Tia taa!"

"Mama," ndugu yangu alisema taratibu, kwa sauti ya kumweleza mtoto, "akitia taa, watu watamwona."

Mama alimtazama kwa huruma. "Sasa taa ni ya nini?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nusu ya machozi yale hayakuwa ya kicheko. Mama alijimiminia kahawa yake. Kabla hajaimaliza alikuwa amekwisha kukata hukumu ya pili: aliyetaka kumuua dada yake ndiye atakayezinunua hizo taa. Ndugu yangu alikwenda mpaka Nizwa, akidai za Ibra ni za kuchezea watoto. Akarudi na taa ya mbele inayoweza kumulika shamba zima, ya nyuma inayowakawaka, na kizibao cha manjano chenye mistari ya kung'aa, kile wanachovaa wajenzi wa barabara. Alizifunga mwenyewe uani, amepiga magoti na kanzu yake nyeupe, huku ananisomea sheria aliyokwenda kuiuliza.

"Nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Si kinyume, eh? Na kizibao juu ya buibui, si chini."

Nilimwambia mimi si mtoto. Akasema anajua, lakini nikivae.

Jumamosi, baada ya Magharibi, nilitoka kwa mlango wa mbele. Barabara yote ya mashambani ilikuwa mbele yangu, mawe, mitende, paka, vyote naviona. Magari yalipunguza mwendo yakiwa bado mbali, yakanipisha kwa adabu, nami nikapita katikati ya haki yangu. Kijana mmoja alisimamisha lake, akateremsha kioo.

"Khalti, sayyara kharbana?" Mama mdogo, gari limeharibika?

"Gari zima, mwanangu," nilimjibu. "Niliyeharibika ni mie, nnajitengeneza."

Nilikwenda mpaka mwisho wa mashamba, nikageuza. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tangu niolewe. Nilipoingia mtaani kwetu niliona watu wamejipanga kwenye milango. Nikaogopa, nikadhani kuna msiba. Kumbe ni mama. Alikuwa ameshika simu tangu nilipotoka, anawapigia shoga zake nyumba moja baada ya nyingine, wale waliokuja naye kutoka Unguja: tokeni nje, anakupitieni sasa hivi. Na walikuwa wametoka, na kanga mabegani, mmoja na fimbo yake, mmoja ameletewa kiti. Aliyekaa kwenye kiti ndiye aliyeanza vigelegele. Vikaitikiwa mlango kwa mlango.

Mkono wangu ukaenda kwenye breki wenyewe. Wakubwa hawasalimiwi juu ya baiskeli. Unateremka, unasimama, unatoa shikamoo. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha kuacha kikanyagio.

"Usishuke!" mama alipiga kelele kutoka mlangoni kwake. "Pita, mwanangu! Wapitie wote!"

Nikarudisha mguu. Nikatoa shikamoo zao kwa sauti kubwa, juu ya baiskeli, na marahaba zao zikanifuata mpaka nilipokata kona.