Siku Niliyompeleka Mama Kumwona Mgonjwa Asiyekuwepo

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo: mimi Furaha, mwanamke mzima, mwenye saluni yangu ya viti vitatu, nilisimama kwenye veranda ya nyumba ya wazee huko Berea, mbele ya mama wanane wa kanisa, nikamnyooshea kidole bibi ambaye nilikuwa sijawahi kumwona maishani mwangu, nikasema, "Mgonjwa wetu ni huyu hapa." Chekeni tu. Siku hizi hata mimi ninacheka, ila siku ile niliomba ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu vipya.

Mambo yalianzia kwenye ngazi. Tunakaa mtaa wa Point, ghorofa ya nne, na lifti ya jengo letu ilikufa zamani, hata mlinzi akiitaja anaiita marehemu. Mama yangu, Mama Tabita, ana miaka sabini na nne na goti moja linalofanya kazi siku likipenda. Mimi ninatoka alfajiri kwenda kusuka, ninarudi jioni, na mchana kutwa yeye yuko peke yake na redio. Sasa siku moja ninarudi, ninamkuta ameketi kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mfuko wa vitunguu mapajani.

"Mama! Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa saba, ma fille. Goti limekataa. Usijali, watu wanapita, tunasalimiana."

Saa saba, na mimi nilifika saa kumi na mbili! Nilivikata vile vitunguu huku ninalia, na kwa bahati nzuri vitunguu vilinipa kisingizio.

Kesho yake nikampigia kaka yangu Didier aliyeko Kanada, akasema, "Mtafutie mahali pazuri, penye watu wa kumwangalia mchana. Nusu nitalipa mimi, nusu wewe." (Rahisi kusema ukiwa Kanada.) Basi nikazunguka. Ya kwanza ilikuwa upande wa viwanda vya Jacobs, bei nafuu, lakini wazee walikuwa wamepangwa mstari mbele ya televisheni iliyozimwa, nikatoka bila kuuliza swali la pili. Ya pili ilikuwa nzuri sana mpaka nilipotajiwa bei, hapo nikajifanya simu inaita. Ya tatu ndiyo hiyo ya Berea: veranda ndefu yenye jua, bustani, harufu ya sabuni na supu, na msimamizi wake Sista Nomusa (huku muuguzi mkuu huitwa Sista), mama wa Kizulu mwenye sauti ya chini, ambaye nilimkuta amepiga magoti anamfunga bibi mmoja kamba za viatu, wanabishana kuhusu mvua kama watu wazima wawili. Randi nine thousand kwa mwezi, chakula ndani, kufuliwa ndani. Nikapiga hesabu ya vichwa vya kusuka, nikatoa nyama, nikatoa nywele zangu mwenyewe, nikaona tutaweza.

"Sharp," Sista akasema, yaani sawa. "Chumba namba kumi na mbili nitakushikia mpaka Alhamisi saa nne. Lakini mama aje mwenyewe. Mimi simpokei mtu ambaye hajaona kitanda chake."

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu Mama nilikuwa sijamwambia neno. Kwa watu wetu, kumpeleka mzazi nyumba ya wazee ni kumtupa. Iko dada mmoja wa Kongo hapa mjini alifanya hivyo, mpaka leo jina lake limepotea, anaitwa tu "yule aliyemwacha baba yake kwa wazungu" (na wazungu wenyewe hawamo, wafanyakazi wote ni Wazulu). Na nusu ya wateja wangu ni mama wa kanisa letu, watu ambao midomo yao haijui likizo. Lakini kusema kweli, kilichonitisha zaidi ni uso wa Mama. Mama aliyeuza ndagala, dagaa wa kwetu, sokoni Uvira miaka thelathini ili tusome, nimwambie nini? Nimwambie kwamba nimemtafutia watu wengine?

Basi badala ya kuketi naye tuongee, Jumatano jioni, ninaosha vyombo, nimempa mgongo, nikasema, "Mama, kesho asubuhi sifungui saluni. Tutaenda Berea kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Mama Roza. Mama wa mteja wangu. Yuko kwenye nyumba ya wazee ya kule."

Roza! Jina lilitoka wapi hata sijui. Mpango wangu ulikuwa afike kwanza, aone bustani, aipende, ndipo nimwambie taratibu. Nikalala ninajiona nina akili kweli.

Nilichosahau (na hapa ndipo mjue akili yenyewe ni ya aina gani) ni kwamba Mama yumo kwenye kundi la mama wa kanisa ambao kazi yao, kazi kabisa, ni kutembelea wagonjwa. Na kwetu mgonjwa hatembelewi na watu wawili, tena mikono mitupu, huo ni utovu wa adabu. Mimi ninakoroma, kumbe yeye yuko chumbani anatuma sauti kwenye simu.

Alhamisi gari letu linapita robot ya mwisho (huku taa za barabarani ndizo robot), linakata kona, ninaona nini getini? Vitenge vya bluu. Wako wanane, sare moja, wameshuka kwenye taxi ya abiria wengi ya kutoka mjini. Mbele yao Mama Riziki, kiongozi wao, sufuria ya mboga ya sombe kichwani imefungwa taulo. Mwingine ana bugali, mwingine samaki, mwingine ana ngoma.

"Mama, hawa wamefuata nini?"

"Mgonjwa," akanijibu huku ananishangaa. "Ulitaka twende wawili tu, kama watu wasiokuwa na kanisa?"

Mlinzi akauliza wanamtafuta nani. Mama Riziki, ambaye Kiingereza chake kinaenda mbele bila kuangalia nyuma, akasema, "We are for the sick!" Mlinzi akatazama zile sufuria, akasema, "Eish, mama, huku wako wengi," akafungua geti.

Nikakimbia ofisini kwa Sista ili niokoe kinachookoka. Mlango umefungwa, yuko na familia nyingine, nisubiri dakika kumi. Nikirudi, mama wote wamejaa kwenye veranda na Mama Riziki ananiuliza, "Roza iko wapi? Sombe inapoa." Ningeweza kusema ukweli palepale, hakuna aliyenizuia. Lakini kidole changu kikainuka chenyewe, kikaenda moja kwa moja kwa bibi mmoja aliyekuwa juani kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani, macho amefumba.

Nikachuchumaa karibu na sikio lake nikamnong'oneza kwa Kiingereza, nikimwita Gogo kama Wazulu wanavyowaita bibi zao, "Gogo, tafadhali, niokoe. Leo jina lako ni Roza na unaumwa. Nitakueleza baadaye. Kuna chakula."

Akafungua jicho moja, akalipeleka kwenye sufuria. "Chakula gani?"

"Majani ya muhogo. Na samaki."

Jicho likafungwa, na yule bibi akaanza kuugua. Jamani! Mimi nimeona watu wakiugua, lakini ule ulikuwa ufundi. Alilia mgongo, akalia tumbo, akashika kichwa. Mama Riziki akapiga makofi ya huruma, "Maskini, amekwisha huyu!" Wakamzunguka, wakaweka mikono, wakaomba kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa lugha za nyumbani, kiisha wakaimba, na ngoma ikaingia. Milango ikafunguka veranda nzima. Wazee wakatoka na mikongojo yao, babu mmoja akawa anapiga mdundo kwa fimbo kwenye sakafu, muuguzi akaacha trei ya chai akacheza. Na mgonjwa wangu katikati ya vilio viwili anapokea tonge, anameza, anaendelea kuugua.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule ambao kila kanisa linao kwa lugha yake, na huo ukamshinda. Kwanza nikaona miguu inatikisika chini ya blanketi. Nikamkazia macho, wapi! Blanketi likaruka huko, bibi akasimama wima, akakamata gauni lake pembeni, akacheza mpaka kwenye nguzo na kurudi.

Mama Riziki akaanguka magoti: "Muujiza! Muujiza jamani!" (Baadaye ndipo nikajua kile kiti hakikuwa chake, kilikuwa cha rafiki yake aliyekuwa anaoga, yeye hukikalia tu kwa sababu kiko juani.) Vigelegele vikapanda. Simu zikatolewa, video ikaenda kwenye kundi, kutoka kundi ikaenda Lubumbashi, Uvira, sijui wapi. Na Mama yangu akanikumbatia, machozi yanamtoka, akasema, "Furaha, mwanangu, leo Mungu amekutumia wewe." Nikajificha uso begani kwake.

Ndipo Sista Nomusa akatoka na faili mkononi, anatabasamu. "Furaha! Samahani nimekuchelewesha. Mama yako ni yupi? Chumba chake kiko tayari, mashuka nimetandika mwenyewe."

Alisema kwa Kiingereza, na Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa bado na nafasi. Lakini Mama Riziki ndiye mkalimani wetu kanisani. Akisikia Kiingereza cha mbele ya watu, mdomo wake unafanya kazi bila yeye kuuomba. Bado amepiga magoti, mkono juu, akapaza sauti kama Jumapili: "Anasema, mama yako ni yupi! Anasema, chumba chake kiko tayari! Anasema, mashuka ametandika..." Akafika hapo, naye akasikia alichokuwa anasema. Mkono ukashuka pole pole.

Ngoma ikanyamaza. Mama akanitazama, akamtazama Sista na faili lake, akayatazama mashuka yaliyoanikwa bustanini.

"Kumbe mgonjwa ni miye," akasema.

Nililia tu, mbele ya watu wote, rangi ya macho inanitiririka mpaka kidevuni. Mama akamshika mkono yule bibi, Gogo MaDlamini kumbe ndilo jina lake, akamfanyia Sista ishara atangulie, wakaenda kukiona chumba. Sisi tukafuata nyuma, hata mlinzi.

Mama akabonyeza godoro. Akanusa mto. Akafungua bomba, akangoja maji ya moto yafike. Akachungulia dirishani, kisha akageuka, "Ngazi iko wapi?"

"Hakuna ngazi, Mama. Nyumba yote ni chini."

"Hakuna hata moja?"

"Hata moja."

Akaketi kitandani. Akakisugua kile kigoti chake, halafu akaniambia, "Furaha, wewe unaogopa midomo ya watu. Miye ninaogopa ngazi. Kila siku ukitoka ninakaa ninajiuliza nikianguka leo nani atajua. Ungeniuliza tu. Miye si mfuko wa vitunguu, unipandishe na unishushe bila kuniuliza." Kisha sauti ikapungua. "Utakuwa unakuja lakini?"

"Kila Jumapili, Mama. Na Alhamisi."

"Basi. Mwulize huyu mama bei ya mwisho ni ngapi."

Nikadhani mzaha. Wapi! Mama aliuza ndagala miaka thelathini, hajawahi kulipa bei ya kwanza duniani. Mama Riziki akatafsiri, Sista akasema hapa bei ni moja. Mama akasema yeye anakula kidogo. Sista akasema wote wanakula kidogo. Mama akasimama akaenda mlangoni kama anayeondoka zake kabisa, akangoja aitwe (nilitaka kujificha chini ya kitanda). Hakuitwa. Akarudi akasema haya, bei hiyo hiyo, ila nyongeza iko wapi? Sista akacheka mpaka akashika ukuta, akasema hata kwao muuzaji mzuri anaongeza. Mama akapewa kipande cha bustani karibu na ukuta, apande lengalenga zake, mchicha wa kwetu.

Mama Riziki akanivuta pembeni. Nikajikaza nipokee matusi yangu. Akaangalia kushoto na kulia, akaninong'oneza, "Na namba kumi na tatu, iko na mtu?"

Sasa ni miezi saba Mama yuko kule, amenenepa, amemfundisha Gogo MaDlamini kusonga bugali, na akinitambulisha kwa wageni anasema, "Huyu ni binti yangu, yule wa kutembelea wagonjwa." Muujiza nilijaribu kuukanusha kwenye kundi, hakuna aliyenisikiliza, mpaka leo watu wa Lubumbashi wananiomba anwani. Nimeapa: jambo la mtu mzima nitamwuliza mtu mzima, usoni, mikono ikiwa mikavu. Na wagonjwa sitawabuni tena, kwa sababu adhabu yake nimeshaipata.

Alhamisi iliyopita nilishikwa na mafua, nikamtumia Mama ujumbe kwamba leo siji, niko kitandani, homa. Saa tano simu ikaita. Nyuma ya sauti yake ninasikia ngoma.

"Mama, uko wapi?"

"Chini, kwa mlinzi. Amenipa kiti. Tuko tisa na Gogo, sombe iko ya moto."

"Basi pandeni, mlango uko wazi."

"Kupanda?" Mama akasema. "Miye na ngazi tumeachana. Mgonjwa ashuke."

Nikashuka ghorofa zote nne, na gauni la kulalia na kilemba cha usiku, nikaombewa barabarani, Point nzima ikiangalia.