Aliyemjaribu Shetani

Kwa miaka mingi nilikuwa na swali moja lililonifanya nijione mwerevu kanisani: sisi tulijaribiwa na Shetani, je, yeye Shetani alijaribiwa na nani? Alikuwa malaika, anakaa mbinguni, hana njaa, hana jirani mwenye gari. Wivu aliutoa wapi kama si kwa aliyemuumba? Walimu wa dini walikohoa tu. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyenijibu, tena kwa tabasamu. "Aliamua, kaka. Ni hivyo tu."

Jibu liliniudhi, na tabasamu likaniudhi zaidi. Nisifiche: nilimwonea gere tangu utotoni. Mimi ndiye kifungua mimba. Mimi ndiye niliyekimbizana na makaratasi ya malori pale mpakani Malaba, kwenye vumbi na honi, ili yeye asome. Halafu akisimama kuomba, akina mama wa kwetu Bukhayo wanalia. Nikiomba mimi, watu wanafungua jicho moja waone kama namaliza. Mama alimwita "mtumishi". Mimi aliniita nikatengeneze mabati.

Kanisa lilipotaka kumfanya mchungaji, wazee watatu walikuja nyumbani. Ndiyo desturi yetu: kabla ya kumwekea mtu mikono, wazee hula kwao, kisha humuuliza mwenye boma kama kuna neno. Akijibu "hakuna neno", mambo yamekwisha. Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo mwenye boma nilikuwa mimi. Nilivaa koti.

Mama alichinja jogoo. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma, haigawanywi wala haijadiliwi, na tangu tumzike baba nilikuwa naila mimi. Siku hiyo mama, kwa furaha zake, akaichota mbele ya wageni na kuiweka kwenye sahani ya mdogo wangu. "Leo ni siku yake," akasema. Wazee wakacheka. Mdogo wangu alinitazama, akasukuma sahani kidogo upande wangu. Nikajifanya sioni. Sikutaka firigisi ya kuhurumiwa.

Tulipokwisha kunawa, mkubwa wao akanigeukia.

"Haya mzee, wewe ndio mwenye hii boma. Tunataka kuwekea huyu mikono. Kuko na neno?"

Hapakuwa na neno. Mdogo wangu hakuwa na mke wa siri wala chupa ya siri. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai iliyozidi tangawizi. Nilijua vizuri kwamba mwenye boma akinyamaza, wazee wa kwetu husikia kuwa kuna neno. Nikanywa. Nikaweka kikombe chini. Nikatazama mlangoni.

"Nyinyi ndio mnajua," nikasema.

Wazee wakaangaliana. Waliaga mapema, na wiki iliyofuata tukasikia wamemchukua mtu wa Butula. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha mdogo wangu kilikuwa kimevaa koti kabisa. Mama hakunisemesha siku nyingi.

Nilirudi Malaba na lile swali langu, safari hii nikiling'ang'ania. Nilijiambia: moyo huu sikujipa. Firigisi sikuihamisha mimi. Kama Mungu hakutaka nione wivu, kwa nini alinifuatishia mdogo kama yule? Lakini hoja ilinikatalia kwa sababu ya ile chai. Nilikuwa na nafasi. Maneno mawili yalikuwa mdomoni, mepesi, nami nikayameza makusudi. Hakuna aliyenishika koo. Malaika yule sijui kama aliwahi kuwako. Ila kama alikuwako, najua alivyofanya.

Nikarudi nyumbani, nikamfuata mdogo wangu shambani, akipalilia mihogo. Nilimweleza yote na kumwahidi kwamba kesho yake ningeenda kwa wazee niseme ukweli.

"Enda kama unataka, kaka," akasema. "Mimi nilikusamehe siku ile ile, hata hawajatoka kwa mlango."

Akarudia jembe lake, akiimba kwa sauti ya chini. Nilitazama mgongo wake ukisonga kwenye mistari ya mihogo, na wivu ukanipanda upya, mkali kuliko ule wa sahani. Hata kwa kusamehe amenishinda! Mimi kosa dogo la dereva hunikaa kifuani mwaka mzima.

Niliondoka bila kuaga. Kwa wazee sijaenda mpaka leo, na hakuna anayenizuia.