Mwali Aliyefichwa Nyumbani kwa Felista

Felista hakujua kusoma, lakini Katekisimu yote alikuwa nayo kichwani, swali na jibu lake, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Enzi hizo Mjerumani amekwisha jenga boma lake kule chini Morogoro, na huku milimani Padri alimkabidhi Felista wasichana wa kipaimara, watakaopakwa mafuta na Askofu, awafunze. Akawafunza kwelikweli. Ukiyumba kwenye jibu, unarudi mwanzo.

Jambo moja Padri alilikataza: msichana wa kipaimara asiwekwe mwali. Kwetu binti akivunja ungo huingizwa chumba cha ndani, gizani, akapakwa mafuta ya mbarika na kufundwa, hadi atakapotolewa. Padri akasema huo ni upagani, na Felista akalishika neno hilo kuliko Padri mwenyewe. Tekla, binti wa Agnes, alipopotea darasani kisha akarudi ngozi imetakata kwa kutoliona jua, Felista alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Umetoka wapi wewe, unanukia mbarika hivyo? Rudi kwa mama yako, akakupe kipaimara cha gizani!"

Wasichana wakacheka. Tekla akaenda zake. Agnes hakuja kuuliza.

Basi, Magdalena. Huyu alikuwa mtoto wa mdogo wa kike wa Felista, marehemu, na Felista ndiye aliyemlea. Askofu anatazamiwa kutoka Bagamoyo, Magdalena naye akavunja ungo. Asubuhi Severini, kaka yake Felista, akafika na fimbo yake.

"Mtoto anaingia ndani leo."

"Kaka, huyu ni wa kipaimara."

"Ni wa ukoo kwanza. Mimi ndiye mjomba wake. Asipofundwa akakosa kuzaa kesho, utamzalia wewe?"

Mwenye jibu la kila swali akafungua mlango wa chumba cha ndani. Magdalena akaingizwa ndani. Darasani Felista akasema mtoto ana homa, na walipofika kwenye amri ya kutosema uongo, akairuka.

Milimani siri haikai. Agnes akaja na ungo wa kunde na kibuyu kidogo.

"Nimemletea mgonjwa," akasema. "Na mafuta haya ya mbarika nimekamua mwenyewe. Homa hii inayataka."

Hakucheka. Laiti angecheka! Felista akapokea kwa mikono miwili, macho chini.

Siku ya kuulizwa maswali, Magdalena, aliyetolewa kimyakimya bila ngoma, alijibu yote. Padri akafurahi, kisha akamtazama tena.

"Alikuwa wapi huyu? Homa imempendeza."

Magdalena akamgeukia mama yake mkubwa. Nje ya dirisha Agnes alikuwa akipalilia shamba la misheni, na jembe lake lilikuwa limesimama.

"Hakuumwa, Padri," Felista akasema. "Alikuwa mwali, nyumbani kwangu. Na Tekla nilimfukuza kwa jambo hilihili."

Moyoni alitumaini Padri angewapokea wasichana wote wawili. Padri akamtoa Magdalena kwenye kipaimara, akamtoa na Felista kwenye ualimu. Tekla hakurudishwa.

Njiani Magdalena alitangulia, hageuki.

"Ungenyamaza tu, mama mkubwa. Nilijibu yote."

"Najua, mwanangu."

"Na Tekla umemsaidia nini?"



Askofu alipofika, kanisa lilijaa. Mahali pa Felista pa mbele palikuwa na mwalimu mwingine. Felista akasimama nyuma akitafuta pa kukaa, wanawake wakijifanya hawamwoni. Kiburi kilimwambia arudi nyumbani. Agnes akasogea.

"Kaa hapa, mwalimu. Tubanane."

Akakaa. Huko mbele wasichana wakaanza kuitwa kupakwa mafuta matakatifu.

"Tekla yuko wapi?" akanong'ona.

"Nyumbani. Nilimwambia aje, hakutaka. Anaogopa utamtoa tena mbele za watu."

Felista akainamisha kichwa, wala hakukiinua hata Askofu alipopita karibu yake akibariki.