Geji za landrova ya baba mkwe zilivyotaka kumnyang'anya funguo

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa machimboni.

Leo sina swali la ufundi, nina kisa. Kimetokea kwenye familia ya mke wangu na mimi mwenyewe nilikuwepo, bisibisi mkononi. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyo.

Mimi ni fundi umeme wa magari, kijiwe changu kiko Nyasubi, Kahama. Kwetu ni Singida ila nimeoa huku huku, binti wa Kisukuma anaitwa Kabula. Baba yake, Mzee Luhende, anaishi Ushirombo.

Mzee aliendesha malori ya pamba maisha yake yote. Alipostaafu akabaki na landrova yake ya zamani, zile fupi ambazo mlango usipoubamiza haufungi, na geji zimekaa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Aliinunua ikiwa mkweche akaifufua mwenyewe.

Kwa pale mtaani hiyo landrova ni ya watu wote. Imebeba maharusi, imebeba majeneza, imebeba wajawazito. Na kila mwezi ndiyo inayompeleka mama mkwe Kahama kliniki ya presha.

Sasa tatizo.

Kama mwaka hivi uliopita mzee alianza mambo ambayo watu hawakuyaelewa. Anaendesha vizuri, ghafla anasimama pembeni, anasema injini inachemsha. Abiria wanashuka, wanagusa boneti, joto la kawaida tu. Yeye anang'ang'ania kusubiri. Anafungua rejeta amwagie maji, anakuta imejaa mpaka mdomoni.

Mara nyingine gari linamzimikia njiani. Anasema tenki ni nusu. Watu wakichungulia, tenki ni kavu.

Kilichochekesha, kabla ya hapo alikuwa anajisifia kila kijiwe kwamba landrova yake siku hizi inakunywa mafuta kidogo sana. Watu wakawa wanamwitikia tu.

Shemeji yangu Shija, kaka yake Kabula, ni fundi umeme wa mitambo huko Geita, nyumba yake iko Kalangalala. Alisikia, akaja. Alilichukua gari akazunguka nalo mjini Ushirombo karibu asubuhi nzima. Geji hazikuwa na shida yoyote. Mafuta sawa, joto sawa.

Akarudisha gari. Baadaye akampigia simu dada yake na kumwambia baba ameanza kupotea.

Niwaeleze kwa nini hilo neno lilikuwa zito. Kaka mkubwa wa mzee alimaliza maisha yake akiwa hawajui hata watoto wake wa kuwazaa. Alikuwa anaondoka nyumbani anatafutwa na mji mzima. Kwa hiyo hii familia ikisikia mtu kasahau kitu, haichukulii kama utani.

Sasa ikatokea siku ya kliniki. Mzee na mama mkwe wanakwenda Kahama, gari likazima kwa kukosa mafuta kwenye kona, barabara kuu, kipande kilichojaa mashimo. Nyuma yao linakuja lori la mgodini limeshiba mzigo. Dereva wa lori alilikwepa kwa shida sana. Mama mkwe aliruka nje kwa hofu, akaanguka kwenye mtaro akaumia goti.

Hapo ikawa basi. Shija akaitisha kikao cha familia Jumapili. Ajenda moja tu: mzee atoe funguo, gari liuzwe au lipaki.

Mke wangu hakulala vizuri wiki hiyo. Ijumaa akanitengea chakula, akakaa mbele yangu, akasema:

"Baba Neema, nenda kesho ukaliangalie gari kabla ya kikao. Kama ni baba, basi nijue ni baba."

Nikaenda.

Wakuu, kama umeoa unajua mkwe ni mtu wa heshima, na kwa Wasukuma ndiyo kabisa. Hata kukaa kiti kimoja naye unafikiria mara mbili. Sasa mimi ndiye naenda kuchunguza kama akili yake bado ipo.

Nilimkuta anaosha gari. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kusugua. Habari za kikao alikuwa nazo tayari, mtu kashamnong'oneza. Akauliza Neema hajambo, akauliza mvua za Kahama, halafu akasimama na kitambaa kinadondosha maji.

"Umekuja kulipima gari au kunipima mimi?"

Nikamwambia gari, baba. Aliniangalia kidogo, akanipa funguo.

Nikaanza na mafuta. Nikawasha switchi, mshale ukapanda taratibu ukakaa robo. Nikachovya kijiti kwenye tenki, kweli ni robo. Nikachomoa waya wa kwenye tenki, mshale ukashuka mpaka chini. Nikaugusisha waya ule kwenye bodi mara moja tu, mshale ukapanda hadi juu. Maana yake geji nzima, na waya hauna tatizo.

Nikatoa boya la ndani ya tenki. Nikaweka mita, nikalipandisha na kulishusha kwa mkono. Vipimo vinabadilika vizuri bila kuruka.

Nikahamia joto. Kile kipimo cha kwenye injini, safi. Waya safi. Geji safi.

Wakuu, siku zote nikikuta kifaa kizima nafurahi. Siku ile kila nilipokuta kizima moyo ulikuwa unashuka, kwa sababu kila kitu kilichopona kwenye gari kilikuwa kinamwelekezea mzee kidole. Na yeye alikuwa amesimama pale pale anaangalia uso wangu.

Kilichobaki ni kulitembeza. Nikamwomba aendeshe yeye, mimi nikae pembeni, tusipite lami, tupite njia ya vumbi ya kwenda mashambani. Shija alikuwa amelizungusha mjini tu, kwenye lami.

Mzee anaendesha, jamani. Anapishana na ng'ombe, anakwepa mashimo, gia zinaingia kama anakata siagi. Nikajisemea huyu mtu hana ugonjwa wowote. Lakini kujisemea hakumsaidii mtu kwenye kikao.

Tulipofika kwenye yale matuta ya barabara iliyochakaa, gari likatikisika sana. Nikaona mshale wa joto unaanza kupanda. Na wa mafuta unapanda. Yote miwili kwa pamoja, polepole.

Mafuta yalitoka robo yakaenda zaidi ya nusu, na hakuna aliyetujazia njiani.

Mzee akasimamisha gari. Hakuonyesha kwa kidole, alinyanyua kidevu tu kuelekea kwenye dashibodi.

"Na wewe unaiona?"

"Naiona, baba."

Akainamisha paji la uso kwenye usukani. Mimi nikatazama nje upande wa mashamba ya mpunga, maana si vizuri kumwangalia mkwe akiwa katika hali hiyo.

Niwaeleze kidogo kiufundi, wenye magari ya zamani itawasaidia.

Magari mengi ya aina hii, geji ya mafuta na ya joto hazichukui umeme moja kwa moja kwenye betri. Kuna kidude kidogo nyuma ya dashibodi kinaitwa stebilaiza, kinapunguza umeme kwanza ndipo kinazigawia geji zote mbili. Kwa hiyo geji moja ikidanganya, tafuta kwenye geji hiyo, waya wake au kipimo chake. Zikidanganya zote mbili kwa wakati mmoja na zote kwa kuzidisha, nenda kwenye kidude hicho.

Na kidude hicho lazima kiguse chuma cha bodi, ndiyo njia yake ya kurudishia umeme, sisi tunaita ethi. Kikikosa ethi kinaacha kupunguza. Umeme wote wa betri unaingia kwenye geji, nazo zinaonyesha mafuta mengi kuliko yaliyopo na joto kubwa kuliko lililopo.

Kwa hiyo mzee aliposema inachemsha, geji ilikuwa inamwambia inachemsha. Aliposema tenki nusu, geji ilikuwa inamwambia nusu. Na sifa zake za gari kunywa mafuta kidogo, hata hizo alizisoma kwenye mshale. Alikuwa anasoma kilichoandikwa.

Tuliporudi nikafungua dashibodi. Nikaweka mita kwenye stebilaiza. Kikiwa kizima umeme unatoka kwa kukatakata. Nikawa nakitikisa kwa mkono: mara unakatakata, mara unanyooka moja kwa moja volti za betri.

Nikamulika tochi.

Kidude kilikuwa kimefungwa kwa skrubu juu ya rangi. Rangi ya kijani, nzuri, mpya, imepigwa kila mahali mpaka kwenye tundu la skrubu. Chuma hakigusi chuma. Gari likitulia, uzi wa skrubu unapata pa kugusa. Likitikiswa, unaachia.

Nikakwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikaweka washa chini ya skrubu, nikakaza. Tukarudi kwenye matuta yale yale. Mishale haikutikisika.

Nikamuuliza mzee hii rangi ilipigwa lini. Nimeuliza kifundi tu, sina wazo lolote.

Akaweka kitambaa chini kwanza, ndipo akanieleza.

Rangi ile ilikuwa zawadi ya Shija. Krismasi iliyopita alilichukua gari akalipeleka Geita likiwa limepauka na kutu, akalirudisha limepakwa upya kila kona, limefungwa utepe mbele. Mke wangu alishawahi kunisimulia kuwa siku ile ndiyo mara ya kwanza walimwona baba yao akitoa machozi mbele ya watu. Mafundi rangi walifungua dashibodi wapake vizuri, wakairudishia. Walifanya kazi safi, isipokuwa hapo tu.

Na matatizo yote yalianza baada ya Krismasi. Mzee alishapiga hesabu kabla yangu.

Akaniambia kwa sauti ya chini:

"Shija asijue. Ile zawadi alinipa kwa moyo wake wote. Sitaki kila akiliona gari akumbuke goti la mama yake."

Nikasema sawa, baba.

Jumapili tukakaa. Mzee, mama mkwe na goti lake limefungwa, Shija, Kabula, mimi na baba mdogo mmoja. Shija alifungua kikao kwa adabu, macho kwenye goti la mama yake. Niliona si mtu anayetaka funguo. Ni mtu anayeogopa kuzika wazazi wote wawili siku moja.

Nikaomba nafasi. Nikasema nimepima, geji zilikuwa zinadanganya kwa sababu ethi ililegea, mwenyewe nimeshuhudia mishale ikipanda, sasa nimerekebisha. Sikusema zaidi.

Kabula akajifunika uso kwa kitenge.

Shija akanyanyuka, akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Baba, nisamehe. Nilikufikiria vibaya."

Mzee akamshika kichwani, akamwambia hakukosea kumuogopea mama yake. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau: siku akichoka kuendesha atazitoa funguo kwa mkono wake mwenyewe, anachoomba ni wasije kuzichukua. Na kuanzia siku hiyo kabla ya safari ndefu atachovya kijiti kwenye tenki, geji iwe nzima au isiwe.

Mama mkwe akauliza kama kikao kimeisha, maana wali unapoa.

Jioni Shija akanisindikiza stendi. Tulipokaribia kufika, akaniuliza:

"Shemeji, ile ethi ililegea au ilifunikwa na rangi?"

Nilisahau kwamba huyu naye umeme ndio kazi yake.

Akasema wakati sisi tunakula aliinama chini ya dashibodi. Aliona palipokwanguliwa, bati linang'aa katikati ya kijani. Akaelewa palepale.

"Baba anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyesema wewe usijue."

Alicheka kidogo, halafu akageukia upande wa pili akajifuta uso kwa kola ya shati. Basi la Kahama likawa limeshafika, konda anagonga bodi.

"Basi mimi sijui," akasema.

Mpaka leo ndivyo ilivyo. Mzee anaamini mwanaye hajui, na mwanaye kila akienda Ushirombo anaisifia ile rangi. Mzee simu yake ni ya tochi, hawezi kufika humu, na Shija mwenyewe ameniruhusu niandike.

Nilichojifunza wakuu: mzazi wako akianza kusema vitu visivyoeleweka, usikimbilie kusema amezeeka. Kaa kiti cha pembeni, pita naye njia anayopita yeye, uangalie anachokiangalia. Huenda ukakuta kweli ni uzee, na hapo utamtunza. Lakini uwe umeangalia.

Na kwa mnaopiga rangi magari ya zamani, kwangueni sehemu za ethi kabla ya kurudishia vitu.

Karibuni kwa maoni. Wenye landrova za zamani mje na uzoefu wenu. Na wengine mniambie, ingekuwa nyie pale stendi, Shija amekuuliza ana kwa ana, mngemjibu nini?