Saa ya Baba Mkwe Niliyoisugua na Jivu

Jamani, leo nusura niharibu saa ya marehemu baba mkwe kwa usafi!

Miaka yote shemeji yangu Mwiti anasema ni bandia. Leo akaja kusikia ukweli kutoka kwa binti yangu Kendi, fundi wa saa za zamani hapo Makutano. (Ndiyo, msichana. Wangu.)

Sasa mimi, si wageni wanakuja? Nikaisugua na jivu. Hata juzi niliipeleka kisiri kwa fundi wa sokoni, akaiwekea uso mpya, mweupe pe!

Kendi akaifungua, akaugusa ule uso kwa kucha.

"Mami, huu uso umegundishwa juzi tu. Nitajuaje kama saa ni ya kweli?"

Mwiti akacheka mpaka chai ikamwagika. "Si niliwaambia!"

Lakini mimi huwa situpi kitu. Nikakimbilia mkebe wa vifungo, nikatoa ule uso wa zamani, wa manjano kama jino la mzee.

Kendi akaujaribu. Vijiguu vyake vya nyuma vikaingia kwenye matundu ya mashine sawasawa, na alama zote za kiwandani zikalingana.

"Ni ya kweli, Mami. Lakini usiioshe tena!"

Mwiti akavuta mkono wa shati polepole, akafunika saa yake mwenyewe, Kendi asije akaikagua.

Haya, semeni hapo chini: hayo macho makali Kendi ameyatoa kwa nani?