Mkanda wa Vazi la Rangun

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Bama, kule Asia, majira ya baridi, wakati ambao ukungu wa Njombe hauondoki mpaka jua lipande juu. Tulikuwa tumefunga ndoa kanisani miezi michache tu kabla hajachukuliwa, na miaka yote aliyokuwa jeshini niliishi na mama yake huku Mdandu, tukilima pamoja na kulala chumba kimoja. Tulikuwa wanawake wawili tuliokuwa tukimngojea, na kila mmoja alikuwa na mtu wake kichwani. Aliyeshuka kwenye lori hakuwa wangu wala wa mama mkwe. Alikuwa amekonda, na mpole kupita kiasi. Ukimwuliza jambo anajibu "ndiyo" kisha anatazama nje.

Ndani ya sanduku lake mlikuwa na blanketi la jeshi, kikombe cha bati, na vazi ambalo hatujapata kuliona.

"Wajapani wanaliita kimono," alisema. "Huvaliwa na wanawake wao. Nimekuletea wewe."

Lilikuwa la rangi ya moshi, laini hata likawa linanasa kwenye sugu za viganja vyangu. Mikono yake ilikuwa mipana kama mifuko, na mgongoni palichorwa ndege weupe wenye shingo ndefu. Halikuwa na kifungo hata kimoja. Mama mkwe alishika pindo, akalinusa, akaliachia.

"Wajapani si ndio mliokuwa mkipigana nao?"

"Ndio, mama."

"Basi nguo hii ina mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi?"

"Niliinunua sokoni, mjini Rangun, huko Bama."

Tulipobaki wawili jikoni mama mkwe aliniambia kwa Kibena, kwa sauti ya chini, nisije nikavaa nguo ya maiti na hali sijazaa bado. Mimi sikuogopa maiti. Niliogopa aliye hai. Vazi lile lilikuwa na harufu hafifu ya mafuta ya nywele, nami nikawaza kwamba mwanamume hanunui nguo ya kike iliyokwisha kuvaliwa bila kumjua aliyeivaa. Nikalikunja na kuliweka chini kabisa ya sanduku.

Baada ya siku kadhaa aliniuliza kwa nini silivai.

"Halina mkanda," nilisema. "Litabaki wazi mbele."

Lilikuwa jibu la kweli, ndiyo maana lilinifaa. Lakini wiki ile alikwenda Makambako kuulizia kazi kwenye malori, na aliporudi alikuwa na furushi mkononi. Fundi mmoja aliyeshonea barazani pa duka la Mhindi alikuwa amemruhusu kuokota vipande vilivyoanguka chini ya cherehani.

"Umesema halina mkanda," aliniambia, akaliweka furushi mapajani mwangu.

Mlikuwa na kaki ya sare za matarishi, kaniki, marekani, na chiti ya maua madogo mekundu. Hakuna kipande kilichozidi urefu wa mkono wangu kutoka kiganja hadi kiwiko. Kushona nilifundishwa shule ya misheni nilipokuwa msichana, kwa hiyo sikuwa tena na pa kujificha.

Nilikaa nje juani. Nilimwuliza mkanda wenyewe huwa na upana gani, naye akaweka kiganja chake tumboni pangu, vidole vimetanuka. "Huu." Nikaunga kaki na kaniki, kisha chiti kidogo, kisha kaki tena, nikirudisha sindano nyuma kila mara ili uzi usifumuke. Ndani nilikusudia kutia utepe wa gunia la unga uushupaze. Mama mkwe alikuwa hatua chache nyuma yetu, akipukuchua maharage, ametugeuzia mgongo.

"Na ule wa kwanza," nilisema bila kuinua macho, "ulibaki kwa nani?"

"Kwa mwanamke aliyeniuzia."

Sindano yangu ilisimama. Nyuma yetu maganda ya maharage nayo yakanyamaza.

"Mji ulikuwa umebomoka," alisema. "Watu waliuza chochote walichokuwa nacho. Yeye alikuwa ameketi chini, ametandaza mfuniko wa sufuria, mkasi, na hilo vazi. Hakuwa Mjapani. Sijui alilipata wapi, na lugha yake sikuijua. Nilimpa fedha, nikaongeza makopo ya nyama niliyogawiwa jeshini. Halafu nikanyooshea kidole mkanda, maana niliuona, ni wa kitambaa kilekile. Alikuwa ameufunga mgongoni, amebebea mtoto. Alidhani nitaudai. Akainuka, akarudi nyuma."

"Ukafanyaje?"

"Niliondoka."

Mama mkwe aligeuka. "Mtoto alikuwa hai?"

"Alikuwa analia, mama."

"Basi alikuwa hai."

Aliweka ungo chini, akaja kukaa kando yangu, akauchukua mkanda na kuuvuta kidogo huku na huku. "Hapa umekaza uzi mno, kitambaa kimejikunja," alisema. "Fumua." Nikafumua. Yeye akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaendelea.

Mwanamke yule nimemfikiria mara nyingi, hata sasa nikiwa mzee: nyama ile ya kopo waliila siku ngapi, na kama kulikuwa na mtu wa kumsaidia kumshusha mtoto mgongoni. Wivu niliokuwa nao ulikwisha pale pale juani, ukaniachia jambo zito zaidi ambalo sikuwa na jina lake.

Tulipomaliza nililivaa vazi lile juu ya sweta, kwa maana hariri haizuii baridi ya kwetu. Mama mkwe alinifunga mkanda kwa nyuma, akakaza kama anayefunga mzigo wa kuni. Mume wangu alitutazama sana.

"Ule ulikuwa wa rangi moja," alisema. "Huu unaonekana kutoka mbali."

Jioni tulichoma viazi, watatu, tukizunguka moto. Mama mkwe alimenya kimoja, akampa mwanawe.

"Huko Bama mlikuwa mnakula nini?"

Nilitegemea atatazama nje. Alipuliza kiazi, akakigeuzageuza kiganjani.

"Mvua, mama," alisema. "Kwanza nikuambie habari za mvua."